Jiwe Moja, Ulibebe Mwenyewe

Kila mwaka, tunapoanza somo la nishati, husimama mbele ya wanafunzi wangu nimeegemeza kisogo kwenye kabati la maabara, mikononi nimeshika jiwe lenye ukubwa wa tikiti, limegusa ncha ya pua yangu. Jiwe hilo limefungwa mnyororo, na mnyororo umening'inia kwenye kulabu ya boriti ya dari. Naliachia. Linakwenda zake hadi upande wa dirisha, linasita kidogo kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha kitu nyumbani, kisha linarudi moja kwa moja kuelekea usoni pangu. Hapo ndipo darasa zima hubana pumzi. Jiwe linakuja, linakuja, linafika pungufu kidogo ya pua yangu, linasimama, halafu linageuka na kwenda lilikotoka.

"Halifiki," huwaambia, nikiwa bado nimesimama palepale. "Haliwezi. Nguvu liliyo nayo ni ile niliyolipa nilipolinyanyua, na njiani hewa imeshaila kidogo. Masharti ni matatu. Kisogo kiguse kabati. Usilisukume, liachie tu. Na usifumbe macho."

Sharti la tatu halihusiani na fizikia hata kidogo. Niliongeza mwenyewe, kwa sababu sioni faida ya mtu kusimama mbele ya ukweli halafu akakosa kuuona.

Wanafunzi wananiita Mama Mawe, na wanadhani sijui. Nimeridhika na jina hilo, wapo walimu wenzangu waliopewa majina ambayo siwezi kuyatamka hapa. Jumamosi moja moja huwatoa nje ya mji, tukaenda kwa miguu mpaka pale kilima kilipokatwa kupisha barabara kuu. Pale ardhi imebaki wazi kama mkate uliopitishwa kisu: tabaka jekundu, tabaka la kijivu, mstari mwembamba mweupe, kisha jekundu tena. Nawafundisha kugonga kwa nyundo, kunusa, na kulamba. Ndiyo, kulamba. Jiwe la udongo hunata ulimini, la mchanga halinati, na ulimi haudanganyi. Mama mmoja alikuja shuleni amefura kwa hasira, eti mwanawe amelamba ukuta wa sebule mbele ya wageni. Nikamuuliza, "Ulinata?" Mkuu wa shule akaniomba nitoke nje kidogo.

Safari zile zina sheria moja kubwa: kila mtu arudi na jiwe moja, na alibebe mwenyewe. Si mawili, wala halibebwi na rafiki. Mwenye kujua kwamba mgongo utakaouma ni wake huchagua kwa akili. Wengine huja na kokoto inayong'aa, wakaitia mfukoni wakatembea wanapiga mluzi. Wengine hupenda jiwe kubwa, wakajuta kabla ya daraja. Mimi sisemi kitu. Jinsi mtu anavyochagua jiwe imenifundisha mengi kuhusu wanafunzi wangu kuliko mitihani yao.

Mwaka huu katika darasa hilo alikuwemo binti wa mume wangu.

Nasema binti wa mume wangu kwa sababu ndivyo ilivyo, na kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuniita jina jingine ila Mwalimu. Shuleni aliniita Mwalimu kama wenzake. Nyumbani tukiwa mezani, "Mwalimu, naomba chumvi." Siku alipoumwa jino hadi machozi yakamtoka, alikuja kunigongea mlango akasema, "Samahani, Mwalimu," kama mtu aliyechelewa kipindi. Nilijifanya sijali. Nilijali sana.

Baba yake alikuwa fundi wa vyuma, na jiwe hilo ndilo lililotukutanisha. Nilimwita aje afunge kulabu kwenye boriti ya maabara. Akaniuliza uzito wa jiwe, akapanda ngazi, akafunga, akashuka. Kisha, badala ya kuomba jiwe, aliushika mnyororo kwa mikono miwili, akakunja miguu, akaanza kubembea yeye mwenyewe katikati ya meza zangu, mtu mzima mwenye ndevu, ovaroli limejaa vumbi la chuma. "Ukinibeba mimi," akasema akipita mbele yangu, "utabeba na hilo kokoto lako." Nilicheka mpaka nikaketi. Baadaye alinipeleka nyumbani kwake nikamwone binti yake, mtoto wa darasa la tatu, mwembamba, mwenye mashavu ya baba yake, ambaye mama yake alifariki akiwa bado anatambaa. Aliniangalia kutoka nyuma ya kiti, akaamkia, akarudi nyuma ya kiti.

Mwanzoni mwa mwaka huu homa iliyoanza kama mzaha ilimchukua Fundi. Alituachia nyumba, sanduku la vifaa, na mlango wa jikoni.

Mlango wa jikoni unatazama uani. Bawaba zake zimelegea na kitasa hakishiki, na kila alasiri upepo ukianza, mlango hujipiga kwa kishindo kinachorusha vijiko. Mtu aliyetengeneza mageti ya nusu ya mji hakuwahi kupata nafasi ya kuutengeneza mlango wake. "Kesho," alikuwa akisema, na mimi na binti yake tulikuwa tukiitikia kwa pamoja, "Kesho!", tunacheka. Baada ya yeye kuondoka, hakuna aliyeugusa. Mimi naweza kushika bisibisi vizuri tu. Sikuishika. Nadhani tulikuwa tunamngojea, kila mmoja kwa siri yake, na mlango ukaendelea kujipiga, nasi tukaendelea kushtuka, binti chumbani kwake, mimi kwenye meza ya kusahihishia.

Baada ya matanga alikuja mama mdogo wa binti. Ni mshonaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza chumba, anayeishi mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Alinipenda na mimi nikampenda. Hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Tuliketi sebuleni, binti amekwenda dukani, akaniambia bila kuzunguka.

"Dada, mtoto huyu ni damu ya dada yangu. Nyumba yangu ina nafasi, wanangu ni wasichana watupu. Wewe bado mdogo, una maisha yako. Sisemi nakunyang'anya. Nasema tu, nafasi ipo."

"Yeye mwenyewe atasemaje?" niliuliza.

"Ndiyo hivyo. Ana akili, mwache achague. Amalize mwaka huu hapa, kisha aamue. Lakini tuahidiane jambo moja, dada. Tusimvute. Wewe usimvute huku, mimi nisimvute kule. Tusije tukampasua mtoto wa watu katikati."

Nikasema naahidi. Tukapeana mikono, tukalia kidogo, tukanywa chai.

Ahadi ile niliishika kama ninavyoshika kila kitu, yaani kwa vipimo. Sikumuuliza anafikiria nini. Simu ya mama yake mdogo ikiita, nilitoka nje nikamwagilia maua hata kama mvua imenyesha asubuhi. Akichelewa kurudi nilitembea sebuleni mpaka nasikia mguu wake kwenye changarawe, kisha nikaketi upesi na kujitia hamnazo, kalamu nyekundu mkononi. Sikumwambia kwamba nyumba ile bila yeye ingekuwa maabara wakati wa likizo. Niliachia, sikusukuma. Nilijiona nimetenda haki, na moyo uliniuma kila siku kwa haki hiyo.

Yeye naye alikuwa anarudi mikono mitupu.

Namaanisha kutoka kwenye safari. Tulikwenda kilimani mara kadhaa mwaka huu, na kila mara wenzake walipojipanga kunionyesha mawe yao, yeye alisimama mwisho wa mstari, mikono mfukoni.

"Lako liko wapi?"

"Sijaona la kubeba, Mwalimu."

Mtu aliyelamba nusu ya kilima, anayejua kutenganisha jiwe la udongo na la mchanga gizani, hajaona la kubeba! Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Anayejiandaa kufunga virago hakusanyi mawe. Nilimwandikia alama zake, nikageuka kuwahesabu wengine, na njia nzima ya kurudi nilieleza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika jinsi mito inavyochonga mabonde.

Ikafika zamu ya somo la jiwe. Kwa kawaida huwa siku ya furaha. Nilisimama mimi kwanza, kama desturi, kisha nikakaribisha anayetaka. Kijana mmoja ambaye wenzake humwita Profesa, kwa sababu anavaa miwani na hunyoosha mkono kabla swali halijaisha, alitangulia kwa mbwembwe. Aliachia jiwe vizuri, akalitazama likienda, na lilipoanza kurudi akakimbia hadi mlangoni. Darasa lilivunjika mbavu. "Nilikuwa naangalia kwa mbali," akajitetea. Msichana mwingine alisimama imara lakini akafumba macho, nikamrudisha asimame upya. Wa tatu akafaulu, akapigiwa makofi.

Ndipo binti akanyoosha mkono.

Alikuja mbele, akaegemeza kisogo kwenye kabati. Alilishika jiwe, lakini hakulipandisha upesi. Alikuwa anaangalia juu, kwenye boriti.

"Mwalimu, kulabu hii aliifunga baba?"

Vichwa vyote viligeuka. Wote walijua habari zetu.

"Ndiyo," nikasema. "Aliifunga yeye. Akaijaribu kwa kubembea mwenyewe."

"Najua. Alinihadithia."

Akalipandisha jiwe mpaka puani. Akaniangalia, akaliachia, bila kulisukuma hata kidogo, kwa ustadi ambao ningempa alama zote. Jiwe likaenda. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mahali ninaposimama kila mwaka, mikono nyuma. Likafika dirishani, likasita, likaanza kurudi. Na sijui nilieleze vipi jambo hili mbele ya watu waliosoma. Nimefundisha somo lile mwaka baada ya mwaka. Nimeliona jiwe lile likirudi mara zisizo na idadi, na halijawahi, hata siku moja, kuvuka mahali lilipoachiwa. Lakini nilipoliona linakuja kwenye mashavu yale ya Fundi, kwenye paji lile la uso ambalo nililipaka dawa alipougua surua, sheria zote za fizikia zilinitoka kichwani kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nilipiga hatua na kunyoosha mkono kulizuia.

Laiti ningeweka kiganja karibu na pua yake, jiwe lingekigusa taratibu kama paka anavyogusa mguu. Mimi nililifuata katikati ya njia, lilikokuwa na mwendo wake wote. Lilinipiga kidole cha kati, likapinda, likazunguka na mnyororo wake, likaangusha chupa ya maji mezani. Nilisikia kidole kikilia kwa ndani. Mimi sikulia, kwa sababu nilikuwa kazini.

Sauti ya Profesa ikatoka nyuma.

"Mwalimu, si ulisema halifiki?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa fungueni vitabu," nikasema, na darasa likaangua kicheko ambacho sijapata kukisikia. Nilicheka nao, nimekikumbatia kidole changu kwapani. Mtu mmoja tu hakucheka. Binti alikuwa bado amesimama, kisogo kwenye kabati, macho wazi. Hakuwa amepepesa. Lakini hakuwa analitazama jiwe. Alikuwa ananitazama mimi, kama anavyotazama jiwe alilolivunja kwa nyundo akakuta ndani yake rangi asiyoitegemea.

Jioni hiyo alinikalisha kwenye kigoda cha jikoni, akakifunga kidole changu pamoja na kijiti cha aiskrimu kwa kitambaa alichochana kutoka kwenye shuka kuukuu. Alifunga kwa makini, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Baba yake alifanya vivyo hivyo alipokuwa anachomelea.

"Mwalimu."

"Naam."

"Lile jiwe lingeishia wapi?"

"Mbele ya pua yako. Pungufu kidogo."

"Una hakika?"

"Kama ninavyojua jina langu."

"Sasa mkono uliuweka wa nini?"

Nilikuwa na majibu. Mwalimu hakosi majibu. Ningeweza kusema nilidhani amesogea, au mnyororo umelegea. Mlango ukajipiga, tukashtuka sote wawili, na kitambaa kikamtoka mkononi. Alipoinama kukiokota nikasema, "Niliona ni wewe uliyesimama pale. Basi. Mkono ukaenda wenyewe."

Akaanza kufunga upya. Uani nguo zilipigapiga kwenye kamba.

"Nilidhani unangoja niondoke," akasema, kwa sauti ndogo, akikiambia kile kidole.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Hakuna aliyeniambia kitu. Ndiyo maana."

Mwaka mzima nilijiona nambebea mtoto huyu uzito usio wake, kumbe nilikuwa nimemtwika ulio mkubwa zaidi. Nikamweleza. Nikamwambia juu ya siku ile sebuleni, kwamba mimi na mama yake mdogo tuliahidiana tusimvute, achague kwa moyo wake.

"Kwa hiyo ukaniachia," akasema.

"Nikakuachia."

"Bila kusukuma."

"Bila kusukuma."

"Mimi si jiwe, Mwalimu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungesema."

Alikuwa amekaza macho kuzuia machozi, nami yangu yalikuwa yameshanishinda, yanateremka bila aibu mbele ya mwanafunzi wa darasa langu. "Sitaki uende," nikasema. "Nimekuwa nikisema maneno hayo kila asubuhi nikipiga mswaki. Sitaki uende hata kidogo. Lakini ukitaka kwenda nitakufungia mizigo mimi mwenyewe na nitakusindikiza, na sitakununia. Ndivyo ilivyo. Yote mawili ni kweli."

Alifunga fundo la mwisho, akalikagua, akasema, "Usikiloweshe," na kwenda chumbani kwake. Nilibaki kwenye kigoda nikijiuliza kama nimefanya jema au nimeharibu. Nimevunja ahadi, hilo halikuwa na ubishi. Na mimi si mtu wa kuvunja ahadi halafu nikalala. Nikachukua simu kwa mkono mzima, nikampigia mama yake mdogo.

"Dada, nina jambo la kukuambia. Nimemvuta mtoto. Nimemwambia sitaki aende."

Nikasikia cherehani ikisimama. Kisha nikasikia kicheko, kile chake cha kujaza chumba, kikijaza na jikoni kwangu.

"Leo?" akasema. "Ndiyo umemwambia leo?"

"Leo. Nisamehe."

"Mimi nilimvuta siku ileile niliyofika kituo cha basi! Unadhani simu zote zile tulikuwa tunaongea nini? Nimeshamwambia habari ya kitanda, ya shule, ya binamu zake, mpaka ya mbwa. Mbwa mwenyewe hata sijampata."

"Lakini tuliahidiana," nikasema. Nilikuwa nimekasirika kweli.

"Tuliahidiana, ndiyo. Watu huahidiana. Wewe dada, wewe ni mtu wa peke yako. Mtoto alikuwa ananiuliza kila mara, 'Mwalimu amesema nini?' Nikimwambia hajasema kitu, ananyamaza." Akavuta pumzi, na sauti yake ikashuka. "Sasa umesema. Vizuri. Nitakuja Jumamosi shule ikifungwa, kama tulivyopanga. Nimemshonea begi. Atakalolisema, sisi tutalibeba."

Jumamosi hiyo ilikuwa pia ya safari ya mwisho. Nilitaka kuiahirisha kwa kisingizio cha kidole, lakini Profesa aliniuliza mbele ya wote kama kidole kinatumika kutembelea, ikabidi nichukue filimbi. Tukaondoka asubuhi, jua bado changa. Binti alitembea na wenzake mbele, mimi nyuma. Toka jioni ile ya kidole hatukuwa tumezungumza jambo lile tena. Alikuwa mwema kwangu; alinikatia nyama kwenye sahani kama mtoto mdogo, akanifungulia chupa. Lakini hakusema, na mimi safari hii nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshasema. Kumbe kunyamaza huko ni kwepesi zaidi, ingawa kungoja kwake ni kulekule.

Kilimani waligonga, wakanusa, wakalamba kwa mara ya mwisho. Nilipowaita kwa filimbi walijipanga, na nikapita nikikagua. Jiwe lenye ulanga unaometa. Jiwe lenye alama ya jani. Profesa alikuwa na kipande cha tofali, na tulijadiliana kwa muda. Mwisho wa mstari hapakuwa na mtu.

Nilimwona chini kabisa, kwenye kifusi kilichoporomoka kutoka ukingoni. Alikuwa amelikumbatia jiwe, na lilikuwa kubwa kweli, pana, limelala bapa upande mmoja, na ubavuni mwake tabaka zote za kilima zimejipanga: jekundu, kijivu, ule mstari mweupe, jekundu. Alilipandisha hatua kwa hatua, analiweka magotini, anapumua, anainua tena. Wenzake wawili walikimbia kumsaidia.

"Acheni," akasema. "Sheria."

"Utaweza?" nikamuuliza alipofika.

"Nitaweza, Mwalimu."

Aliviringisha sweta lake, akaliweka kichwani, akapiga magoti, akajitwika jiwe juu yake, akasimama. Shingo ilitetemeka kidogo, kisha ikatulia. Njiani alipumzika mara nyingi. Wengine walitutangulia wakaimba, wakatuacha, tukabaki wawili kwenye vumbi la barabara, yeye na mzigo wake, mimi na kidole changu kilichofungwa, nisichoweza kusaidia nacho hata kama sheria isingekuwepo. Mara moja nilifungua mdomo niulize anapeleka wapi jabali lile. Niliufunga. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya jiwe lolote.

Tulipofika nyumbani mama yake mdogo alikuwa ameshawasili, ameketi jikoni na kikombe cha chai. Karibu na mlango alikuwa ameweka begi jipya la kitambaa kigumu cha buluu, mishono yake imenyooka, mfuko mdogo ubavuni kwa ajili ya chupa ya maji. Lilikuwa begi zuri sana. Sikuweza kuliangalia mara mbili.

"Shikamoo, mama mdogo," binti akasema, jiwe bado kichwani.

"Marahaba, mwanangu! Hebu nikuone. Mungu wangu, umebeba nini? Shusha kabla shingo haijaingia kifuani!" Alisimama akamsaidia kulishusha sakafuni, kwani yeye hakuwa mwanafunzi wangu na sheria hazimhusu. Lilitua kwa sauti nzito. Akalitazama, akalitazama na begi. "Sasa mama, jiwe lote hili. Basi lenyewe halitalikubali. Linasafiri vipi?"

Binti alijifuta jasho kwa kiganja. Alimwangalia mama yake mdogo, kwa upendo na kwa huruma, akasema polepole:

"Kwani nani amesema linasafiri?"

Nilishika ukingo wa meza. Macho ya mshonaji yalijaa, akayaacha yajae, kisha akainama, akalichukua lile begi akalikunja mara moja, kwa uangalifu, kama linavyokunjwa vazi la mteja, akaliweka kitini.

"Basi utakuja na begi hilo wakati wa likizo," akasema. "Hilo halikwepeki. Na mbwa nitamtafuta kweli." Akavuta kamasi, akavaa tena sauti yake kubwa. "Haya, nionyeshe. Linakaa wapi?"

Binti alipiga magoti. Safari hii aliliviringisha, si kulibeba, akalisukuma kwa mikono miwili kwenye sakafu ya saruji hadi kwenye mlango wa uani. Aliufungua mlango mpaka ukagusa ukuta, akalisogeza jiwe, ule ubavu bapa ukaegemea mbao, tabaka zikaelekea ndani kwetu. Akausukuma mlango kwa mguu kuujaribu. Akausukuma tena kwa bega, kwa uzito wake wote, kama mtu niliyemjua. Haukwenda popote.

Tulikunywa chai. Tuliongea habari za binamu, za mitihani, za kidole changu ambacho mshonaji alikicheka mpaka akaomba maji. Alasiri ikaingia. Nguo zikaanza kupepea kwenye kamba uani, vumbi likainuka kidogo, na nikausikia upepo unakuja kutoka upande wa barabara, ule ule wa kila siku. Mabega yangu yalipanda yenyewe. Nikangoja.

"Mwalimu," binti akasema.

"Naam."

"Umefumba macho."